Maumivu ya Misuli: Tusianze na Sindano



Wakutanapo vijana wa Punia jioni, iwe kwa mazoezi ya kwaya au kwa mkutano wa kikundi, salamu haziishi kabla ya mmoja kushika kiuno. Huyu ametoka machimboni ambako amebeba mawe ya kasiteriti tangu alfajiri. Yule amesukuma baiskeli ya mizigo siku tatu katika tope. Binti aliyekaa pembeni ametoka shambani na kikapu cha mihogo mgongoni, mshipi wake ukiwa umepita kwenye paji la uso. Kisha huanza mashauriano ya dawa, na hapo ndipo sisi tunapoingiwa na wasiwasi, kwa maana siku hizi mashauriano hayo huanza na sindano.

Maoni yetu ni haya: ngazi ya kutibu maumivu ya misuli imegeuzwa kichwa chini miguu juu. Kilichopaswa kujaribiwa mwisho, tena mbele ya mganga mwenye elimu, kimekuwa cha kwanza. Kilichopaswa kuwa cha kwanza, yaani mikono, maji ya moto, mwendo, usingizi na kupunguza mzigo, kimeachiwa bibi na babu. Tunaandika ili ngazi hiyo isimamishwe upya, na kwa kuwa wanaoumia ni ninyi, tutajaribu kueleza sababu badala ya kutoa amri.

Tuanze na maumivu yenyewe. Mtu aliyefanya kazi ngumu ambayo mwili wake haukuizoea mara nyingi haumwi siku ile ile. Hulala vema, huamka kesho yake akiwa mkavu kama ukuni, na siku ya pili au ya tatu ndiyo huwa mbaya kuliko zote. Baada ya hapo maumivu hupungua yenyewe, na kwa kawaida juma haliishi kabla hayajaondoka. Wengi tulisikia kwamba kinachouma ni asidi ya maziwa iliyobaki ndani ya misuli. Sivyo. Asidi hiyo huondoka katika muda wa saa moja hivi baada ya kazi, wakati mhusika hajaanza hata kulalamika. Kinachouma ni nyuzi ndogo za misuli zilizochanika kidogo kidogo, pamoja na uvimbe ambao mwili huuleta ili kuzirekebisha. Mtaalamu wa Marekani, Theodore Hough, alikwisha kuandika habari za michaniko hiyo mwaka 1902, lakini hadithi ya asidi imekataa kufa.

Nyuzi hizo huchanika zaidi pale misuli inapofanya kazi huku ikivutwa na kurefuka. Kushuka kilima na gunia huumiza kuliko kukipanda. Kuizuia baiskeli kwenye mteremko huumiza mapaja kuliko kuisukuma kwenye mwinuko, ijapokuwa mwinuko ndio unaotoa jasho. Wasukumaji wa baiskeli walilijua hilo kabla ya vitabu. Jambo jingine wanalolijua ni kwamba kazi ile ile ikirudiwa baada ya siku kadhaa huuma kidogo sana kuliko mara ya kwanza. Misuli hujifunza. Kwa hiyo kijana anayeanza kazi ya kubeba, au anayeirudia baada ya kuugua malaria, akianza na nusu ya mzigo kwa juma la kwanza, atakuwa amejitibu kabla ya kuugua. Ni tiba isiyouzwa dukani, na pengine ndiyo sababu hatuisikii ikisifiwa.

Sasa tuje kwenye tiba zilizoachiwa bibi. Kiswahili chetu kina maneno mawili yaliyokaa vizuri hapa. Kukanda ni kubonyeza mahali panapouma kwa kitambaa kilichochovywa katika maji ya moto na kukamuliwa. Kuchua ni kusugua na kuvuta misuli kwa mikono yenye mafuta. Watafiti waliolinganisha njia mbalimbali za kupunguza ugumu wa misuli baada ya kazi wameona kwamba kuchuliwa ni miongoni mwa zile zinazoleta nafuu ya kweli, ingawa si kubwa. Joto nalo hupunguza maumivu ya kiuno kwa siku za mwanzo. Mafuta ya mawese au ya mbegu za mchikichi hayana uchawi wowote ndani yake. Kazi yake ni kuufanya mkono uteleze, na anayetibu ni mkono. Basi hakuna haja ya kutafuta mafuta ya bei kubwa yenye picha ya simba au ya nyoka. Maji ya kukandia yasiunguze ngozi: yajaribiwe kwanza kwa ndani ya kifundo cha mkono, kama mama anavyojaribu maji ya kumwogeshea mtoto. Na kiungo kilichoteguka leo, kilichovimba na kupata moto, kisikandwe kwa maji ya moto wala kisichuliwe. Hicho kwa siku mbili za kwanza kinataka kitambaa cha maji baridi, kufungwa bila kukazwa mno, na kuinuliwa juu.

Dawa za kupaka zinazowasha nazo tusizidharau. Ukali wa pilipili, hiyo hiyo inayokausha midomo yetu mezani, unatoka kwenye kiini kinachogusa mlango maalumu katika mishipa ya fahamu, mlango ule ule unaopokea habari za moto. Mwaka 2021 David Julius, aliyeugundua mlango huo, alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Ardem Patapoutian. Dawa zilizotengenezwa kwa kiini hicho zikipakwa mara kwa mara hupunguza maumivu. Lakini imetengenezwa na kupimwa. Asije mtu akaponda pilipili mbichi akajipaka kiunoni, kisha akasugua macho kwa mkono ule ule.

Kuna jambo la kushangaza kidogo kuhusu kupumzika. Zamani mtu mwenye maumivu ya kiuno aliambiwa alale kitandani hata majuma mawili. Leo waganga karibu wote wameliacha shauri hilo, kwa sababu wanaolala sana huchelewa kupona kuliko wanaoendelea kutembea. Mwezi Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kutibu maumivu ya kiuno yaliyokawia bila ugonjwa mwingine nyuma yake. Shirika hilo linakadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya kiuno, yaani mtu mmoja katika kila watu 13. Mwongozo unataja kumweleza mgonjwa hali yake, mazoezi ya mwili, na kuchuliwa miongoni mwa mambo yanayofaa. Hauungi mkono mikanda ya kubana kiuno, ile ambayo baadhi yetu hununua sokoni na kuivaa kama askari, wala dawa za jamii ya afyuni. Kupumzika kunakofaa, basi, ni kuuacha mzigo kwa siku mbili tatu huku ukiendelea kutembea, kufagia, kuteka maji kidogo, na kulala usiku kucha. Kujinyoosha kabla na baada ya kazi, tunavyofanya kabla ya mpira, kuna faida zake nyingine, lakini kumepimwa na kuonekana hakupunguzi kwa kiasi cha maana ugumu wa siku ya pili.

Vidonge vinakuja baada ya hayo. Parasetamoli ndiyo yenye madhara machache ikitumiwa kwa kipimo: kwa mtu mzima, vidonge viwili vya miligramu 500 kwa mara moja, vikitenganishwa kwa saa sita, na visizidi vidonge vinane kwa siku. Kupita hapo ni kuharibu ini, tena ini haliumi linapoanza kuharibika. Tuwe wakweli pia: uchunguzi mkubwa uliofanywa Australia na kutangazwa mwaka 2014, uliohusisha watu zaidi ya 1,600 wenye maumivu mapya ya kiuno, haukuona parasetamoli ikiwaponya upesi kuliko kidonge kisicho na dawa. Walio wengi walipona, wenye dawa na wasio na dawa. Ibuprofeni na diklofenaki hupunguza uvimbe na kwa baadhi ya watu hufanya kazi vizuri zaidi, lakini huchubua tumbo, hivyo humezwa baada ya chakula. Na hapa kuna onyo linalowahusu wachimbaji hasa. Dawa za jamii hii hupunguza damu inayoingia kwenye figo. Mtu aliyetoka jasho mchana kutwa shimoni bila kunywa maji, kisha akameza diklofenaki mbili tatu kwa pamoja, anazibana figo zake kutoka pande mbili. Maji kwanza, chakula baadaye, kidonge mwisho, na isiwe kila siku. Indometasini, ambayo wengi hununua kwa jina la indosidi, iko katika jamii hiyo hiyo, nayo ni kali zaidi kwa tumbo. Mwenye vidonda vya tumbo na mama mjamzito wasiziguse bila kumwuliza mganga.

Sasa sindano, ambayo ndiyo iliyotufanya tuandike.

Kijana huingia duka la dawa, husema kiuno kinamwua, na baada ya dakika tano hutoka akichechemea, pamba ikiwa imebanwa kwenye tako. Amechomwa diklofenaki, au deksamethasoni, au mchanganyiko ambao hakuambiwa jina lake. Anaridhika kwa kuwa sindano ina hadhi. Kidonge tunakiona kama chakula. Sindano tunaiona kama tiba. Lakini dawa ile ile ikimezwa huingia katika damu katika muda mfupi, na kwa maumivu ya misuli faida ya kuichoma haionekani. Kinachobaki ni hatari peke yake.

Nchi yetu ina historia chungu ya sindano, na vijana mnapaswa kuijua. Mwaka 1976, katika hospitali ya misheni ya Kikatoliki ya Yambuku, kaskazini mwa nchi, wauguzi walikuwa wakipewa sindano tano kila asubuhi kwa kazi ya siku nzima. Baina ya mgonjwa na mgonjwa ziliszuzwa katika maji ya uvuguvugu tu. Mgonjwa mmoja wa mwanzo alikuja na homa, akachomwa dawa ya malaria. Waliofuata walichomwa kwa sindano zile zile, wakiwamo wajawazito waliofuata vitamini. Watu 318 waliugua ugonjwa uliokuja kuitwa Ebola, na 280 wakafa, miongoni mwao wauguzi na watawa waliokuwa wakitumikia kwa moyo mweupe. Hatuwahukumu waliotangulia. Tunakumbusha tu kwamba wengi wa wale walioambukizwa kwa sindano hawakuwa na ugonjwa uliohitaji sindano.

Mtu atasema kwamba leo kila sindano hutoka katika karatasi yake na kutupwa. Mara nyingi ni kweli, nasi tunashukuru. Hatari ya leo ni mahali inapochomwa. Ndani ya tako unapita mshipa mkubwa wa fahamu unaoshuka hadi kwenye unyayo. Mkono usiofundishwa ukichoma katikati au chini badala ya juu upande wa nje, sindano humfikia mshipa huo au dawa huuunguza, na mguu hulegea. Katika wilaya ya Kumi, mashariki mwa Uganda, imeonekana idadi kubwa ya watoto wenye miguu iliyolemaa na misuli ya matako iliyokakamaa baada ya sindano, hasa za kwinini. Watoto hao walipelekwa kutibiwa homa. Kijana mwenye kiuno kilichochoka hana hata homa ya kumpa sababu.

Hatusemi kwamba sindano zote ni mbaya. Yuko mgonjwa anayetapika kila kitu, yuko aliyevunjika mfupa, yuko anayepaswa kupasuliwa. Hao huonwa na mganga, hupimwa, huandikiwa. Tunalolipinga ni sindano ya kaunta.

Jirani wa sindano ni vidonge viwili vinavyopita mkononi hadi mkononi bila kelele. Cha kwanza ni deksamethasoni. Huondoa uvimbe kwa haraka ya ajabu na humpa mtu hamu ya kula, na kwa sababu hiyo wengine huimeza ili wanenepe. Ikimezwa kwa majuma mengi hupandisha sukari katika damu, hudhoofisha mifupa, huufumbua uso kama mwezi, na huuondolea mwili nguvu ya kupigana na magonjwa, hata kifua kikuu kilicholala kikaamka. Ikiachwa ghafla baada ya muda mrefu inaweza kumwangusha mtu, kwa kuwa tezi zilizo juu ya figo zimesahau kazi yake.

Cha pili ni tramadoli. Hiki kilianza kuuzwa Ujerumani mwaka 1977, nacho ni cha jamii ya afyuni. Hospitalini ni dawa ya heshima: mtu aliyepasuliwa, au mgonjwa wa saratani, hupata faraja, na mtu mzima hapaswi kupita miligramu 400 kwa siku. Barabarani kimekuwa kitu kingine. Humezwa asubuhi kabla ya kazi, ili maumivu yasije kabisa na mzigo uonekane mwepesi. Lakini maumivu ni mlinzi wa mwili. Anayembeba mlinzi huyo akiwa amelala haoni kwamba nyuzi zinachanika, kwamba kano inavutika, kwamba pingili za mgongo zinalemewa. Hubeba mara mbili ya uwezo wake kwa miezi sita na kulipa kwa miaka. Halafu kipimo cha jana hakitoshi leo. Huja kutetemeka, kutoka jasho, kukosa usingizi siku anapokikosa. Kwa kipimo kikubwa huja kifafa, na pamoja na lutuku huja pumzi inayopungua usingizini hadi kukatika. Na kwa kiuno chenyewe hakisaidii kama inavyodhaniwa: mwaka 2023 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha uchunguzi wa Australia ambapo watu wenye maumivu mapya ya kiuno au shingo walipewa dawa nyingine ya jamii hiyo ya afyuni, na baada ya majuma sita hawakuwa na nafuu kuliko waliopewa kidonge kitupu.

Ndugu zetu waliokwisha kuzoea kidonge hicho hatuwaiti wahuni. Wengi wao walianza kwa sababu ya mgongo. Wasiache kwa siku moja peke yao. Waende kituo cha afya wapunguziwe hatua kwa hatua, na kikundi kisiwatangaze.

Kuhusu chale tuseme kwa ufupi. Wembe mmoja ukitumika kwa watu wawili unapitisha virusi vya ukimwi na homa ya ini, na jeraha lililopakwa majivu au udongo linaweza kuleta pepopunda. Nafuu inayosikika baada ya kuchanjwa inatokana na kuchuliwa kulikotangulia. Tuchukue kuchua, tuache wembe. Pembe ya kuumikia isiyotoa damu haina ubaya mkubwa, wala hatuna la kuisifia sana.

Tunajua jibu mtakalotupa, na ni jibu zito. Mtasema: mnatuambia tupunguze mzigo siku tatu, na hizo siku tatu nani atatulisha? Kijana anayelipwa kwa gunia hana likizo ya ugonjwa. Sindano kwake ni nauli ya kurudi kazini kesho. Hoja hiyo hatuwezi kuipita kwa kusema tu kwamba afya ni mali, kwa maana njaa nayo inajulikana.

Tuutazame basi mzigo wenyewe. Kasiteriti, ambalo ndilo jiwe la bati, lina uzito wa karibu mara saba ya maji. Ndiyo sababu gunia dogo linalodanganya macho humvunja mtu. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilishauri kwamba mtu mzima mwanamume asibebeshwe kwa mikono zaidi ya kilo 55, na wanawake na vijana wapewe pungufu sana ya hapo. Sheria ya Madini ya nchi yetu, ya mwaka 2002 na iliyorekebishwa mwaka 2018, humpa kadi ya mchimbaji wa mikono mtu mzima tu. Mtoto wa miaka 15 aliyeko shimoni hana kadi, hana kipimo cha mzigo, na mifupa yake bado inakua.

Si jambo geni katika Maniema kwamba mgongo wa mtu ndio uwe gari. Kiswahili tunachokizungumza kilifika huku katika karne ya 19 pamoja na misafara ya pembe za ndovu, iliyotoka Nyangwe na Kasongo kuelekea Tabora na pwani, mabegani mwa wapagazi. Wabelgiji wakaja na upagazi wao, na katika vita vya 1914 hadi 1918 watu wetu wakapelekwa kubebea majeshi hadi Tabora. Kisha zikaja kampuni za bati na mashine zake. Bei ya bati ilipoanguka duniani mwaka 1985 na shughuli za Sominki zikafifia, mashine zikanyamaza, na mgongo ukarudi kazini. Wakati huo wote hakuna aliyewahi kuwauliza wapagazi misuli inaumaje. Sisi tunaona ni wakati wa kuuliza.

Kuna yanayowezekana bila kungoja barabara ya lami. Magunia yajazwe nusu na safari ziwe mbili; wanaolipwa kwa kilo hawapotezi chochote isipokuwa muda, na wanaolipwa kwa gunia wapatane pamoja na mnunuzi, maana mmoja mmoja hatasikilizwa. Mzigo unyanyuliwe kwa kupiga magoti na kuushika karibu na kifua, asije mtu akauinamia kama anayechota maji kisimani. Wawili wanyanyue, mmoja abebe. Na pale penye njia ya gurudumu, gurudumu litangulie: wenzetu wa Goma, kwa mbao na mpira wa tairi kuukuu, walijitengenezea chukudu na kuzihamishia mizigo ya mji mzima. Zaidi ya hayo, vikundi vyetu vina likelemba za sherehe, za misiba, hata za sare za kwaya. Kwa nini kusiwe na likelemba ya kiuno, ambayo mwanachama aliyeumia anapata chakula cha siku tatu ili asilazimike kununua sindano? Bei ya sindano chache zenyewe ingetosha kuianzisha.

Wengine kati yenu husema kwamba kutafuta nafuu ni udhaifu, na kwamba Mkristo huvumilia. Papa Pius XII aliulizwa swali la namna hiyo na waganga wa usingizi, akawajibu tarehe 24 Februari 1957 kwamba mwamini hana wajibu wa kukataa dawa ya kutuliza maumivu. Kuvumilia kwa hiari kuna nafasi yake, lakini kumwacha mwenzako aumie kwa jina la uvumilivu ni jambo jingine.

Lipo neno la mwisho la kitabibu, nalo msilipite haraka, kwa maana si kila maumivu ya misuli ni ya misuli. Mwili mzima ukiuma pamoja na homa na baridi, pimeni malaria siku hiyo hiyo. Homa na maumivu vikifuatwa na vipele na tezi zilizovimba shingoni au kinenani, inaweza kuwa ndui ya nyani, iitwayo siku hizi mpoksi, ambayo mkoa wetu unaijua. Msichuane, nendeni kituoni. Kijana ambaye tangu utoto hupatwa na maumivu makali ya mifupa yanayokuja na kuondoka huenda ana selimundu, ugonjwa tunaouita SS, na huyo anahitaji maji mengi, dawa na uangalizi, hata kama wenzake wamemzoea kumwita mvivu. Kiuno kinachouma majuma mengi, usiku kuliko mchana, pamoja na kukonda na jasho la usiku, kinaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi baada ya kazi kubwa, misuli imevunjika na figo zimo hatarini. Na yeyote ambaye miguu inapoteza nguvu, anayekufa ganzi katikati ya mapaja, au asiyeweza kuzuia au kutoa mkojo, apelekwe hospitali usiku huo huo, abebwe kwenye machela na asipandishwe nyuma ya pikipiki.

Tunamalizia nyumbani. Katika kazi za mikono za parokia, tunapochota mchanga na kubeba matofali, mmekuwa mkishindana nani atabeba mengi, nasi wazee tumekuwa tukiwapigia makofi. Tunapendekeza kwa mabaraza ya parokia kwamba kuanzia kazi ijayo mashindano hayo yakome, maji ya kunywa yawepo tangu asubuhi, walio chini ya miaka 18 wapewe kazi nyingine, na matofali yaende kwa toroli. Pale ambapo toroli limelala ghalani kwa sababu ya tairi, kikundi cha vijana kianze na tairi hilo.